Mwonja Uji wa Kyebando

Stoo yetu ya chakula haikuwa stoo hata kidogo. Ilikuwa chumba nyuma ya kanisa, hapa Kyebando, ambamo kwaya ilihifadhi ngoma na majoho ya Krismasi. Hata baada ya sisi kuingiza magunia, kwaya ilishikilia kwamba ngoma zina haki ya kubaki. Basi tukagawana: maharage huku, ngoma kule, panya katikati. Panya hawakuwa na upande.

Aliyeshika stoo alikuwa mama mmoja mshonaji kutoka Bukavu, mpana wa mabega, asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Mimi ni Mkenya. Nina kiduka cha unga, sabuni na sukari kwenye njia ya kushuka bondeni, na nimekaa Kampala muda mrefu kiasi kwamba nikienda kwetu watoto wangu wananiuliza kama huku ndiko nilikofundishwa kusema "pole" hata kwa mtu aliyejikwaa mwenyewe. Kwenye kazi ya stoo niliingizwa kwa ajili ya mdomo. Kanisa lilitaka mtu wa kwenda Kikuubo kuwasihi wenye maduka ya jumla watupe magunia yaliyochanika, na mtu wa kunadi siku ya Jumapili. Walitazama huku na huku, wakaniona.

Huo mnada ni desturi ya makanisa mengi ya hapa. Asiye na noti huleta mbele ya madhabahu alichonacho: kuku, mkungu wa matoke, boga, mayai yaliyofungwa kwenye leso. Ibada ikiisha, vitu hutolewa nje na kunadiwa, na pesa huingia kanisani. Mwenye uwezo hununua boga kwa bei ya mbuzi, watu wakapiga vigelegele, halafu kwa ukubwa wa moyo, au kwa kuwa mkewe hapendi boga, analiacha mezani liende stoo. Sehemu kubwa ya chakula chetu ilipita njia hiyo. Mimi nilisimama juu ya kreti ya soda nikipaza sauti: "Jogoo huyu ana sauti ya mzee wa kanisa! Nani anamtoa mikononi mwangu kabla hajaanza kuhubiri?"

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kugawa. Foleni ilianza ukutani, ikazunguka choo, ikatokea barabarani. Wengi walikuwa Wakongo waliokimbia vita, lakini njaa haiulizi kitambulisho, na Waganda walikuwamo, na Wakenya wenzangu walikuwamo wakijifanya wamekuja kumsindikiza mtu. Nilihesabu vichwa kutoka mbele kwenda nyuma, halafu kutoka nyuma kuja mbele, kwa sababu kuna watu wenye kipaji cha kusimama mahali pawili. Kila mmoja alipata vikombe vya unga na vya maharage ndani ya kaveera, na mama wa stoo alifunga kila kaveera kwa utepe wa kitenge aliokata kwenye mabaki ya cherehani yake. Alisema mfuko wa nailoni mtupu unamfanya mtu aonekane ameokota. Ukiwa na utepe, anaonekana ametoka kununua.

Kwa utepe huo ndipo tulipomgundua koko.

Koko ndivyo Wakongo wanavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Aliishi peke yake chumba cha chini kabisa, karibu na mfereji, na alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameshatuambia waziwazi: haambukizi tena, na atapona kabisa akimaliza dawa. Lakini vidonge ni vikali na vinataka tumbo lenye kitu. Tumbo likiwa tupu vinarudi, na vikirudi ni kana kwamba hakuvimeza. "Mhakikishe anakula," alisema, akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

Jumapili moja nilipanda juu ya kreti yangu, nikainua kaveera ya maharage kutoka kwenye meza ya sadaka, na mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa kazi, ukanyamaza. Ilikuwa na utepe wa kitenge, rangi ya machungwa yenye ndege wadogo. Nilimtazama mama wa stoo. Alikuwa ameshauona. Sote wawili tukageuka kumtazama koko, aliyekaa kwenye benchi lake na uso wa mtu aliyelipa deni.

Nilinadi, ningefanya nini? Mwenye karakana ya pikipiki alinunua, akasema yaende stoo. Ijumaa yalitoka stoo, yakamwendea koko au mwingine wa aina yake, maana tulipoanza kuangalia tepe tuligundua hakuwa peke yake. Jumapili yakarudi. Nilimwambia mama wa stoo kwamba maharage yale sasa yamehudhuria ibada nyingi kuliko mzee wa kwaya. Hakucheka, na ilikuwa saa saba mchana.

"Wale wengine wana afya," alisema. "Huyu atakufa na vidonge mkononi."

Tulimfuata koko baada ya ibada. Tulikwenda kwa adabu, tukauliza hali, tukauliza kifua, tukasifu kitambaa chake cha kichwa. Alitusikiliza mpaka tukafika kwenye maharage, ndipo akainua mkono.

"Miye nitaingia nyumba ya Mungu mikono mitupu? Kwetu hata mufiwa analeta kandizi kamoja."

"Koko, Mungu ameona hali yako," nilisema.

"Ameona. Ndiyo maana ananiangalia kama nitaleta."

Mchungaji, tulipomweleza, alishika kidevu. Hakuna mchungaji Kampala nzima anayeweza kusimama na kuwaambia watu wapunguze kutoa. Alituahidi maombi, na kusema kweli aliomba, tena kwa sauti.

Wazo lilikuwa langu, na lilitoka dukani, si mbinguni. Nilimwambia mama wa stoo: tumpe chakula kisichoweza kubebwa. Uji. Uji wa moto haufungwi utepe. Mama wa stoo akasema koko hatakaa mbele za watu alishwe kama mtoto wa chekechea. Nikasema, kwa hiyo hatutamlisha. Tutamwajiri.

Wakati huo tulikuwa tumeanza kupokea unga kutoka kila pembe, na mwingine ulikuwa mbovu. Kwa hiyo haukuwa uongo mtupu. Nilikwenda kwa koko nikamwambia stoo inahitaji mtu wa kuonja unga kila asubuhi kabla haujagawiwa, mtu mzima, mwenye ulimi unaojua mahindi. Alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo ningeuliza mimi.

"Malipo ni nini?"

"Kikombe cha uji unaouonja."

"Viwili."

"Koko, kuonja ni kuonja. Ukinywa viwili umekuwa mteja."

"Viwili. Kimoja nakunywa, kimoja nabeba."

Nilijua kile cha pili kingeishia wapi. Ningekikuta Jumapili mezani, kimeganda, nakinadi. "Kazi ya stoo inalipwa papo hapo," nilisema. "Hakuna kubeba. Hata mimi sibebi."

Alikunja upindo wa kitenge chake taratibu, kama mwenye duka anayejua kwamba mteja ameshachelewa gari. "Kimoja kikubwa, basi. Na kiti. Kiti cha mugongo, si benchi."

Tukashikana mikono. Nimenunua mizigo Kikuubo kwa watu wenye roho ya chuma, na bado naamini siku ile nililaliwa. Kiti chenye mgongo ilibidi nikitoe dukani kwangu, nami nikakaa juu ya gunia.

Koko aliichukua kazi ile kama jaji. Alikuja kabla ya mama wa stoo kufungua mlango, na kikombe chake cha bati chini ya kitenge. Alikoroga, akanusa, akanywa funda la kwanza, akaliviringisha mdomoni, sote tukingoja. Halafu hukumu: "Huu uko sawa." "Huu mahindi yake ililala na maji." "Huu ni wa juzi, muchanganye na ule." Akimaliza kikombe, alitoa vidonge kwenye karatasi, akavimeza mbele yetu, akafuta mdomo. Havikurudi. Muuguzi alimpima akasema uzito umepanda. Jioni moja nilimwona akipandisha mlima wetu bila kusimama kwenye ukuta wa fundi viatu, mahali ambapo alizoea kushika kifua. Fundi viatu alimpigia saluti.

Kuna siku walikuja wageni na gari kubwa, wakashusha magunia yenye maandishi mazuri, wakatutundikia bango, wakatupanga kwa urefu tupigwe picha. Kesho yake mama wa stoo alipika. Koko alinywa funda moja, akatoka nje, akalitema mbali.

"Hii iko ya nguruwe. Na nguruwe pia atauliza."

Tulifungua magunia mengine. Ndani, unga ulikuwa umeshikana mabonge ya kijani. Tulikwenda kuyatupa kwa mkokoteni, na usafiri wa kutupa tulilipa sisi wenyewe. Picha zetu nadhani bado zipo mahali fulani, tunatabasamu.

Halafu mambo yakaanza kupungua, na hayakupungua kwa kishindo. Yalipungua kama sabuni. Wakimbizi waliokuwa wakipata msaada wa pesa kwa simu waliambiwa umekatwa, wakaja Ijumaa. Foleni ikavuka barabara. Mwenye karakana aliyekuwa akinunua mkungu kwa mbwembwe alianza kusimama nyuma kwenye mnada, mikono mifukoni, halafu akaacha kusimama kabisa. Ijumaa moja nilipokuwa nahesabu vichwa nilimkuta mkewe, amejifunika kitenge hadi kwenye nyusi. Nilimpita kana kwamba simjui. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo ya kumpa siku ile.

Nilikwenda Kikuubo kwa Muganda wangu, mwenye duka la jumla, ambaye kwa miaka alinipa magunia yaliyochanika na kunitukana kwa upendo, yeye akiniita nyabo, yaani mama, nami nikimwita ssebo, bwana.

"Nyabo, reo hapana. Kweri hapana."

"Ssebo, hata lile lililolowa pembeni?"

"Ire nimeuza kwa mutu ya kuku. Hata ya jana, mutu ya kuku. Yeye anaripa pesa. Wewe unaripa na maombi."

"Maombi yangu ni ya bei ya jumla."

Alicheka, akaniagizia chai, akanionyesha rafu zake. Alikuwa amezipanga mbele tu, nyuma hamna kitu, kama meno ya mzee anayetabasamu kwa tahadhari. Wachukuzi walikuwa wamekaa juu ya mikokoteni yao wakicheza karata saa ambayo zamani hungepata nafasi ya kuweka mguu. Nilikunywa chai ile nikaondoka na mfuko wa chumvi. Nikapitia soko la Nakawa, nikapata nyanya zilizopasuka na majani ya nje ya kabichi. Kuku walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi, ndivyo nilivyomwambia mama wa stoo. Yeye alikuwa anafagia sakafu ya stoo na kuchekecha alichofagia.

Tulikaa tukapanga. Uji wa kila asubuhi usingewezekana kutoka kwenye unga wa stoo. Kila kikombe tulichopika kilikuwa kikombe kilichotolewa Ijumaa mdomoni mwa mtu mwenye watoto. Lakini koko alikuwa bado hajamaliza dawa, na muuguzi alisema ni sasa hasa asikatishe. Basi tukakubaliana, bila kusema sana: siku moja unga utoke nyumbani kwa mama wa stoo, siku ya pili dukani kwangu. Tutauchota mapema, tutaupika, koko ataonja kama kawaida. Hatutamwambia.

Tulisahau tulikuwa tumemwajiri nani.

Siku ya kwanza alikunywa akasema, "Huu muzuri." Siku ya pili akasema, "Huu muzuri," lakini alinitazama. Siku ya nne alikunywa polepole, akakoroga kwa kidole, akalamba.

"Huu haukutoka gunia la kupasuka," alisema. "Huu ulisagwa na mashini muzuri. Ni wa kununua."

"Tumepata mfadhili, koko," nilisema. Sauti yangu ya mnada ilitoka vizuri kabisa.

"Jana ulikuwa mwingine. Jana ulikuwa na muhogo ndani, kama mama wa Bukavu anapika kwake. Leo ni wa duka." Alimaliza kikombe chote, kwa adabu. Akameza vidonge. Akakifuta kikombe na upindo wa kitenge, akakiweka juu ya kiti, kiti cha mgongo. "Aksanti. Kazi imeisha."

Mama wa stoo alimwita arudi. Hakugeuka. Alitembea vizuri tu, na nakumbuka nilifurahi kwa upumbavu kuona jinsi anavyotembea vizuri.

Jioni nilishuka kwake na unga kilo mbili. Chumba chake kilikuwa safi, mkeka, ndoo, sanduku moja, na picha ya watu ambao hakuwahi kutuambia wako wapi. Nilikaa mlangoni nikatoa ujuzi wangu wote. Nilimwambia unga wa duka langu ulikuwa umebakiza siku chache uharibike. Akanijibu kwamba ameuonja, hauharibiki leo wala mwezi huu. Nikamwambia nitamkopesha. Akaniuliza atalipa na nini. Nikamwambia basi aje dukani anisaidie kupembua mchele, nimpe uji huko.

"Weye ni mtu wa biashara," alisema. "Nani analipa mtu kupembua muchele ya duka ile watu hawanunue?"

"Koko, nakuomba. Dawa hazijaisha."

Mimi siombi. Muulize yeyote Kikuubo. Lakini niliomba, na nadhani ndipo alipolegea kidogo, akanishika mkono.

"Mulinipa kazi," alisema, "na nilikula mushahara. Sasa iko sadaka yako, na weye uko na watoto kule Kenya. Niliona foleni. Kuna mama ana mapacha, anasimama nyuma kila Ijumaa, anapata vumbi. Uji ule muende mumupatie."

"Na wewe?"

"Miye nimekula sana kwa dunia hii. Usinisumbue."

Sikupata pa kushika. Kila bei ina mahali inapopasuka, ukijua kugonga. Hii haikuwa na mahali. Nilipoondoka nilisukuma ule unga nyuma ya mlango wake, nikapanda mlima haraka kama mwizi. Jumapili ulikuwa kwenye meza ya sadaka. Niliupandisha juu, nikaunadi, hakuna aliyeinua mkono, maana waliobaki na uwezo wa kuinua mkono walikuwa wachache na wengi wao nilikuwa nikiwadai pesa za sabuni. Nikaununua mwenyewe, kwa bei niliyoitaja mwenyewe, kisha nikaupeleka kwa mama wa mapacha.

Muuguzi alimfuata koko nyumbani. Alimkuta anameza vidonge kila siku kwa saa ileile, bila kukosa, juu ya maji matupu, na vinarudi. Alikuwa hajaacha dawa. Hilo koko alitaka lijulikane. Tulimpeleka hospitali mvua zilipoanza, mimi na mama wa stoo, yeye katikati yetu kwenye bodaboda moja, jambo ambalo halifai, na mwenye boda hakutaka nauli. Kikohozi kilikuwa kimerudi na kitu kingine juu yake. Akiwa kitandani alimwambia mama wa stoo supu ya pale ina chumvi ya bandia. Akafa kabla hatujapata mtu wa kumpelekea nyingine.

Tulimzika Ijumaa. Makaburi aliyopatiwa yalikuwa mbali, na dereva wa gari la kuazima alisema litaondoka saa sita, tukichelewa halipo. Mama wa stoo alisema tugawe kwanza, watu wasije wakalala njaa kwa ajili ya mtu ambaye asingekubali. Tulifungua mapema. Chakula kilikuwa kidogo, vikombe vimepunguzwa hadi tukaona haya kuvishika. Foleni ilikuwa imeshafika barabarani.

Gari lilipokuja na jeneza likasimama mbele ya kanisa, foleni ilianza kuvunjika. Hakuna aliyetangaza. Mtu mmoja alitoka, akaenda kusimama nyuma ya gari, halafu wa pili. Wanawake waliosimama tangu alfajiri waliacha nafasi zao, ambazo kwa kawaida wangezipigania kwa viwiko. Mama wa mapacha alikuwa wa mbele siku ile, kwa mara ya kwanza. Nilimnyooshea kaveera yake nikamwambia achukue, aende. Akasema nimwekee, mikono yake ina watoto, na hawezi kwenda kuzika na chakula kwapani.

Gari likaondoka polepole, wao wakilifuata kwa miguu hadi pale ambapo miguu ingetosha. Sisi tulibaki na mifuko imejaa meza nzima, na hakuna mtu wa kumpa. Mama wa stoo aliniuliza tufanye nini. Tukafunga mlango, tukalikimbilia gari.